Mashini Imehama, Unga Umepanda

Mazungumzo ya leo ni ya unga. Bei yake sitawafundisha, kila mama sokoni anaijua kuliko mimi. Nataka tuzungumze juu ya pale unaposagwa, kwa kuwa katika mji huu wetu wa Bukavu mahali pa kusagia hapatulii. Mashini uliyoizoea nyuma ya soko, unakaa miezi kadhaa huendi, siku ukirudi na beseni lako unakuta pamekuwa ghala la vigae, na mwenye mashini amehamia Panzi, ama Cahi, ama ameuaga mji kabisa na kujenga kibanda kando ya barabara ya Mudaka. Wala si wasagaji peke yao. Wachoma mikate, wakaanga samaki wa sambaza, wenye kasiksi ya ndizi, akina mama wanaosaga mahindi, mtama na soya kwa ajili ya uji wa masoso, wengi wao ni wapangaji, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Nani anawahamisha? Mtu atajibu haraka: ushuru, askari wa soko, ofisi fulani. Kuna ukweli humo. Lakini mara nyingi anayemhamisha msagaji hana ofisi wala mhuri, na ndiyo maana hakuna wa kumlalamikia.

Tuanze na muhogo, maana ndio bugali yetu. Muhogo mbichi, uliochimbwa leo, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Kilo tatu ukizimenya, ukazivundika, ukazianika, zinakurudia karibu kilo moja kavu. Ndiyo sababu hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu anayepandisha muhogo mbichi kutoka bonde la Ruzizi, akakata zile kona za Ngomo, ili aje auanike hapa mjini, ambako mvua inaanza Septemba na haituachi mpaka Mei. Kumenya na kuanika kulibaki kijijini, Kamanyola, Walungu, Kalehe, na huko ndiko kwake. Kusaga ni hesabu nyingine. Gunia la muhogo mkavu likipita kwenye mashini linatoka gunia la unga, uzito karibu uleule. Anayesagia mbali haokoi nauli hata franka moja. Tena muhogo mkavu ni mvumilivu, unakaa. Unga ukikaa na unyevu wa Bukavu unashika harufu, unaingia wadudu, na mama anaujua kwa kuunusa tu. Kwa hiyo mashini ya kusaga, kwa asili ya kazi yenyewe, inatakiwa iwe karibu na chungu.

Kuna pia jambo la macho, ambalo wataalamu wa miji hulisahau. Kaeni siku moja kwenye mashini yoyote pale mtaani Essence, saa za mchana, mtazame. Kijana wa mashini mweupe mpaka kope. Mama anamwaga muhogo wake kwenye faneli, halafu haraka anazunguka upande wa pili, anashika mdomo wa kile kitambaa kirefu ambamo unga unatokea, anakifunga kwenye beseni lake kwa mkono wake mwenyewe. Hakiachi. Kazi ikikaribia kwisha anagonga kitambaa, anagonga tena, na kijana analazimika kupiga bati la mashini ili kilichobaki tumboni kitoke. Mwenye kujua mambo hakubali kuwa wa kwanza asubuhi, kwa sababu mashini iliyo tupu inameza kiasi chake kabla ya kutoa. Wala hakubali kumfuata aliyesaga mahindi kama yeye ana muhogo, maana bugali itamtoka na rangi asiyoitaka. Huo wote ni ukaguzi wa chakula, tena wa bure, na unafanyika kila siku bila karatasi. Mashini ikienda mbali, ukaguzi huo unakufa. Mama ataletewa unga kwenye mfuko, ataambiwa ni muhogo mtupu, na atanunua kwa imani.

Basi kama mahali pa mashini ni karibu na chungu, kwa nini inakimbia chungu?

Jibu langu la kwanza ni umeme, na hapa niruhusuni nilalamike kidogo. Mtambo wa Ruzizi ya Kwanza uko mlangoni petu, pale mto unapotoka ziwani. Ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, uwezo wake karibu megawati 30. Ruzizi ya Pili, ya nchi tatu za CEPGL, jumuiya ya uchumi ya Maziwa Makuu, ikaja mwaka 1989 na karibu megawati 44. Umeme huo unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi, na kwa upande wetu Goma na Uvira nao wanaungojea. Ruzizi ya Tatu, ile ya megawati 206, tumeisikia miaka na miaka kwenye hotuba. Na kile kidogo kilichopo tunakipunguza wenyewe: chupa na mifuko tunayoitupa kwenye mifereji ya komini ya Kadutu inashuka ziwani, inafuata mkondo, inakwenda kuziba mtambo. Tukilala gizani, sehemu ya giza hilo tumeitupa sisi.

Mota ya kusagia haifanyi kazi na umeme wa taa moja. Inataka nyaya tatu zenye nguvu sawa. Mtaa ukishajaa, kila kiwanja kimejengwa nyumba tatu, kila nyumba imevuta waya wake kutoka kwa jirani, transfoma inachoka. Jioni taa zinakuwa nyekundu kama kaa la moto, mota inanguruma bila kuzunguka sawasawa, na siku moja inaungua. Kuisuka upya mota iliyoungua ni pesa nyingi kwa mtu anayelipwa kwa beseni. Ndipo msagaji anapoanza kuulizia wapi wameweka transfoma mpya. Hafuati wateja, anafuata waya. Asiyepata waya ananunua injini ya mazutu. Injini ya mazutu inapiga kelele, inatoa moshi, majirani wanachoka, mwenye nyumba anaambiwa amwondoe mpangaji wake. Mtu yuleyule anahama mara ya pili, safari hii kwa sababu ya dawa aliyoitafutia ugonjwa wa kwanza.

Halafu kuna ardhi. Wabelgiji waliupanga mji huu, enzi ukiitwa Costermansville, kwa mafungu: nyumba zao kwenye rasi zinazoingia ziwani, wafanyakazi Kadutu na baadaye Bagira, viwanda na maghala kando ya Avenyu Industrielle. Chakula cha mfanyakazi hakikupewa nafasi kwenye ramani, mwanamke alitwanga nyuma ya nyumba na mambo yakaisha. Mpaka leo ukimuuliza mkubwa viwanda vya Bukavu ni vipi atakutajia Bralima ya bia na Pharmakina ya dawa. Kile kibanda kinachosaga bugali ya mtaa mzima hakimo kichwani mwake. Na kitu kisichomo kichwani mwa mkubwa hakitengewi kiwanja.

Vita vya 1996 na 1998 vikawaleta hapa watu wa Walungu, Kalehe, Shabunda, waliokimbia na watoto na godoro. Mji uliopangiwa watu wachache ukapanda milima yote. Pesa za dhahabu na koltani nazo zikaja zikajenga ghorofa katika komini ya Ibanda, na kodi ya kibanda ikafuata ghorofa. Msagaji hawezi kushindana na muuza simu. Simu elfu moja zinaingia kwenye kabati, magunia yanataka sehemu ya kukaa, sehemu ya kupita, na sehemu ya lori kusimama.

Pia ardhi yenyewe, wasikilizaji, haisimami. Mnaojua Funu mnajua ninachosema: kuta zinapasuka, milango inakataa kufunga, bomba za maji zinakatika. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Geoscience uchunguzi wao juu ya mlima ule wa Funu. Walionyesha kwamba tangu mji ujengwe juu yake, maporomoko ya zamani yaliyokuwa yakitembea taratibu yameongeza mwendo. Sasa funga mashini ya kusaga juu ya ardhi kama hiyo. Msingi wake wa saruji ukipinda kidogo tu, mkanda unatoka, vyuma vinasagana vyenyewe. Na moto je? Kadutu tumezima moto mara ngapi, nyumba za mbao zimebanana, waya juu ya waya? Mwenye mashini anaangalia hayo yote, anafunga mzigo.

Wako waliohama vizuri, nami nawasifu. Panzi ni mfano. Malori yanayotoka Walungu na bonde la Ruzizi yanaingilia upande ule, watu wamejaa kule, kuna hospitali ya Daktari Mukwege, kuna chuo kikuu cha UEA, kuna vinywa. Mashini iliyokwenda Panzi imefuata gunia na imefuata mlaji kwa pamoja. Ninaowalilia ni wale waliobaki nyuma, akina mama wa Nyamugo, wa Nkafu, wa mitaa ya juu ya Kadutu ambako pikipiki yenyewe inapanda kwa kulia. Kwao mashini imekwenda, njaa imebaki.

Nani analipa safari hiyo? Mwangalieni yule mama aliyeinama njiani, kamba imepita kwenye paji la uso, gunia mgongoni, anapanda kutoka sokoni hatua kwa hatua na hawezi hata kuinua macho kukusalimu. Wengine ni watu wazima, umri wa mama zetu. Mashini ikisogea, yeye ndiye anayeongezewa mlima, na malipo yake hayaongezeki kwa kipimo hichohicho. Gharama inayobaki inaingia kwenye kopo la unga. Ukifika kwenye limanga, soko letu la jioni, muuzaji hakupandishii bei mbele ya macho, anapunguza kilele cha kopo. Wewe unasema unga umepanda. Kumbe ulipanda mlima kwanza, bei ikaja nyuma.

Sambaza wana hesabu yao. Samaki hawa hawakuwa wenyeji wa ziwa letu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo usiku wa Kivu bila taa za wavuvi wao hatuujui. Sambaza wakivuliwa wana saa chache tu kabla ya kuharibika. Kwa hiyo kukaanga na kuanika hakuwezi kwenda mbali na maji, hata mtu akitaka. Na huku ukingoni ndiko kila mwenye pesa anakotaka kujenga ukuta na hoteli. Mahali pa kutulia mtumbwi panapungua, mahali pa kuanika panapungua zaidi, na samaki wanaishia kuanikwa kwenye mifuko kando ya barabara, wakipokea vumbi la magari. Hapa ningekuwa mkali. Ukingo wa ziwa uliobaki wazi usiuzwe tena kabla akina mama wa sambaza hawajatengewa sehemu yenye maji safi na vichanja vya kuanikia. Hoteli inaweza kutazama ziwa kutoka mlimani.

Kasiksi sina shida nayo. Ndizi ni mzigo, juisi ni nyepesi kuliko mkungu, basi wanakamulia kisiwani Idjwi na Kabare na kutuletea kwenye bidoni, nyingine zinateremshwa Beach Muhanzi asubuhi. Ulipoingia ule mnyauko wa migomba, kazi ilipungua. Mahali pake hapakubadilika.

Februari 2025 ilikuja na mambo yake. Sitazungumza siasa, wenye kazi hiyo wapo. Nasema tu yanayohusu gunia. Siku zile mji ulipobadili mikono, maghala yalivunjwa. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, PAM, lilitangaza kwamba tani 7,000 za chakula chake zilichukuliwa hapa Bukavu. Uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, benki zikafunga milango, na Juni mwaka huohuo Heineken, kampuni mama ya Bralima, ikasema haiongozi tena shughuli zake Bukavu na Goma. Mambo hayo yanamfundisha nini mtu wa kawaida mwenye mashini? Kwamba asiweke magunia yote chini ya paa moja, tena kubwa, tena kwenye barabara inayojulikana. Bora vibanda vidogo, hiki kwa dada, kile kwa shemeji. Woga nao unahamisha biashara, na biashara ikiendeshwa kwa woga inakuwa ndogo ndogo na ghali, kwa kuwa hakuna anayethubutu kununua muhogo mwingi msimu wa bei nzuri.

Wenzetu wamepitia nini? Dar es Salaam zamani unga ulikuwa wa shirika la serikali, National Milling, na vinu vyake vikubwa. Miaka ya 1980 biashara ya nafaka ilipofunguliwa, mashini ndogo zikazuka Manzese na Tandale, pembeni ya soko la nafaka, na jiji likazoea kula kutoka huko. Hakuna aliyewapangia wasagaji wake. Ila soko lilikaa, barabara ilikaa, umeme ukawafuata, na mpaka leo mtu akitaja sembe ya Manzese anaeleweka. Karibu zaidi na sisi, kule Mutwanga chini ya Ruwenzori, mtambo mdogo wa umeme wa maji ulijengwa kwanza mwaka 2013, kiwanda cha chokoleti kikaja baadaye kando yake, na kakao ya wakulima wa Beni ikapata pa kwenda. Umeme ulitangulia, kiwanda kikatafuta mahali chenyewe. Sisi tunasubiri kiwanda kwanza ndipo tuulize waya.

Hapa Kabare kwenyewe, Kalambo, taasisi ya utafiti ya IITA imefundisha vijana kutengeneza unga wa muhogo wa kuchanganya na ngano kwenye mkate, pamoja na maziwa ya soya. Ujuzi upo basi, si mbali sana na hapa nilipokaa. Kijana wa huko akimaliza mafunzo anarudi mjini na cheti, anatafuta kibanda chenye nyaya tatu. Hakipati Kadutu. Anaishia Mudaka au Kavumu, na mkate wake unasafiri kuja kwetu ukiwa umelala.

Mimi naona hivi, na mwenye kupinga anipinge. Kila kinachopunguza uzito au kumwaga maji machafu, kiende nje kwa heshima, kitengenezewe sehemu: kuanika, kuvundika, kukoboa mahindi, maana pumba zinakwenda kwa wafuga kuku. Kinachobaki na uzito uleule, na kinachotaka macho ya mnunuzi, kisifukuzwe. Mashini ya unga imo humo, mkate umo humo, mandazi yamo humo. Komini zinakusanya ushuru wa soko kila siku ya Mungu. Sehemu ya fedha hizo ingenunua transfoma moja kwa ajili ya wasagaji tu, karibu na soko la Kadutu, na nyingine Nyawera, waya usioruhusiwa kuunganishwa na nyumba. Chumba cha matofali, mbali kidogo na nyumba za mbao, chenye mlango mpana wa gunia. Wasagaji wenyewe wanaweza kuchangia, wengi wameshateketeza pesa nyingi kuliko hizo kwa kusuka mota.

Najua atakayesema kelele. Mashini inapiga kelele, kweli. Baa ya jirani yangu nayo inapiga kelele mpaka saa nane usiku, na sijasikia mtu akiiambia ihamie Mudaka.

Muda wetu unakwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Wiki ijayo, Mungu akitujalia, nataka kuendelea na jambo hili kwa hesabu zenu, si zangu. Mwenye mashini uliyehama mwaka huu, tutumie ujumbe: ulitoka mtaa gani, ukaenda wapi, umeme au mazutu, na kati ya wateja wako wa zamani ni nani aliyekufuata. Na wewe mama wa Nyamugo, wa Nkafu, wa Cimpunda, tuambie beseni lako la muhogo unalisagia wapi leo, na unalipa kiasi gani kulisaga, kiasi gani kulibeba. Nataka tuziweke namba hizo mbili pamoja, tuone ni ipi kubwa.